Mkono Niliompa Fundi

Baba yangu alijua kwamba ninapiga gitaa, lakini hakuwahi kuniona nikipiga. Yeye huenda misa ya kwanza, ile ya wazee, kisha hurudi nyumbani mapema kuangalia ng'ombe. Sisi vijana huimba misa ya pili. Kwa hiyo habari zangu za gitaa alizipata kwa watu, na watu walimwambia jambo moja tu, kwamba yule mtoto wake asiyezungumza sasa amepata mdomo. Alifurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba ninapiga kwa mkono wa kushoto.

Ninalisema hili mapema kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Kwetu, karibu na Sironga, mkono wa kushoto hauna adabu. Humpi mtu kitu kwa mkono huo, humsalimu mzee nao, huutii kwenye sahani ya ugali. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Mtoto anazaliwa anaikuta desturi hiyo, kama anavyoukuta mpaka wa shamba. Mimi nilizaliwa mashoto. Nikiwa mdogo, kila niliponyoosha mkono kukata tonge, baba alisema neno moja, "Mkono," wala hakupaza sauti, nami nilijua ni upi. Mama alinifunga kitambaa kwenye kifundo cha kushoto ili nikumbuke kabla baba hajasema. Sidhani walikuwa wakali. Baba aliogopa nisije nikawatukana watu bila kujua, nao waseme kwamba kwa yule mzee watoto hawakufundishwa.

Nilijifunza. Ninakula kwa kulia, ninasalimu kwa kulia, na ninaandika kwa kulia, ndiyo maana ninaandika polepole, hata kurasa hizi. Mkono wangu wa kulia huandika kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. Katika mtihani wa darasa la nane insha yangu iliishia katikati, karatasi zikakusanywa. Sikuendelea na shule baada ya hapo, ingawa si kwa sababu ya insha peke yake. Nikaingia kwenye chai. Kule nilipumzika, kwa sababu mchumaji hutumia mikono yote miwili na hakuna anayeangalia ni upi unatangulia. Wangu wa kushoto ndio uliotangulia.

Gitaa la kwanza nililolishika lilikuwa la parokia, nalo liliazimwa kwa kanisa letu dogo. Kiongozi wa kwaya, kijana anayenizidi umri kidogo, aliniona nikiliangalia kila baada ya mazoezi, akanipa nijaribu. Sikuamua kulishika nilivyolishika. Liliingia mikononi mwangu likiwa limegeuka, shingo upande wa kulia, nyuzi nene chini na nyembamba juu. Alicheka akaniambia nimelishika kama mtu anayekamua ng'ombe upande usio wake, nitapigwa teke. Wenzetu wakalipenda neno hilo, na tangu siku hiyo, kila nilipochukua gitaa, lazima mtu aulize kama ng'ombe ametulia. Sikukasirika. Nilikuwa nimegundua kwamba vidole vinaweza kufanya jambo kabla sijaliogopa. Nikizungumza, kila neno hunibidi nilitazame kwanza pande zote kama mtu anayenunua kuku, na nikimaliza kulitazama, watu wamekwisha kuingia habari nyingine. Kwenye gitaa haikuwa hivyo. Nilipiga, na watu wakaingia kwenye wimbo nilipowaita.

Halafu parokia ikataka gitaa lake. Lilikuwa limeahidiwa kanisa jingine, na kiongozi wa kwaya akatuambia kwamba baada ya Pasaka kila mpigaji aje na chombo chake. Alikuwa akiwaambia wote lakini alinitazama mimi, kwa kuwa mpigaji nilikuwa mimi. Usiku ule nilielewa kwamba nikikosa gitaa nitarudi mstari wa nyuma, kufungua mdomo bila kutoa sauti kama nilivyofanya zamani, na nikaona kwamba siwezi tena.

Sikumwomba baba. Kiongozi wa kwaya alikutana naye kwenye kituo cha kuuzia majani, akamweleza, na wazee waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao wakadakia. Mmoja alisema mke wake alilia wakati wa komunyo kwa sababu yangu. Baba alirudi nyumbani amebadilika sura kwa furaha. Akasema bonasi ya chai ikitoka tutaenda mjini kuangalia hicho kitu.

Bonasi ikatoka, tukaenda Kisii. Kuna duka ambalo baba hununua betri na redio tangu zamani, na mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini na anayesalimu watu kwa Kikisii. Magitaa yalikuwa yamening'inia ukutani nyuma yake. Baba alibaki nje kidogo akizungumza na mtu wa Kiogoro aliyekutana naye mlangoni. Yule mama akaniteremshia moja, nikalipokea, nalo likaingia mikononi mwangu likiwa limegeuka.

"Wewe ni mashoto," akasema. "Hizi zote si zako, kijana. Ukigeuza itapiga, lakini itakusumbua maisha yako yote."

Nilimwitikia, sijui kama alinisikia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kulitaja jambo hilo mbele yangu bila uso wake kubadilika. Alilitaja kama anayesema viatu vyangu ni namba fulani. Nilitaka kumuuliza kama ziko za upande wangu mahali popote, na nilikuwa bado ninalitazama swali langu pande zote wakati baba alipoingia. Mikono yangu iliondoka yenyewe. Nililigeuza gitaa likakaa kama gitaa la watu.

Yule mama aliona. Alimwangalia baba, akaniangalia mimi, kisha akapanga vitu vilivyokuwa vimepangwa tayari juu ya kaunta. "Mzee," akamwambia baba, "huyu usimnunulie hapa. Mtafutie fundi ampimie, amtengenezee yake."

Baba aliyachukua maneno hayo kama sifa. Aligonga mgongo wa gitaa kwa kidole, akasema kweli, hii ni plaiwudi, hata kuku akiikalia itapasuka. Akakumbuka fundi mmoja wa Magwagwa aliyekuwa akitengeneza vitanda na viti vya kanisa, na ambaye siku hizi watu humpelekea magitaa yaliyovunjika, hata akaanza kuyaunda mwenyewe. Tukatoka dukani tukiwa tumekubaliana. Baba alitaka fundi kwa sababu ya mbao. Mimi nilitaka fundi kwa sababu ya mkono, na barabarani nilijiambia kwamba nikifika kwa fundi nitasema.

Fundi ni Msabato, kwa hiyo tulienda siku ya Jumapili baada ya misa ya kwanza. Karakana yake ni ya mabati na ina harufu ya mbao za saiprasi. Ni mzee kuliko baba, mwenye mzaha wa polepole, na alitupokea kama watu waliokuja kuposa. Alituonyesha ubao wa mbele, saiprasi iliyokaa juu ya dari yake miaka mingi mpaka ikigongwa inalia, na ubao wa mgongo, grevilia yenye madoadoa kama ngozi ya chui. Baba aliyagusa yote mawili na nikaona ameridhika. Nilipewa kigoda nikakaa.

Yule fundi ana desturi yake. Haanzi kazi kabla hajaona mikono ya mwenye gitaa. Huuchora mkono utakaobana nyuzi kwa penseli, kwenye ule ubao wa mgongo, upande wa ndani, ili ajue upana wa shingo. Gitaa likifungwa mkono huo hubaki humo gizani na hakuna anayeuona tena. Lakini kabla ya kuchora huuliza swali. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba aliliunda swali hilo kwa adabu. Hakutaka kumuuliza mtu mbele ya wazazi wake kama yeye ni mashoto, kwa kuwa ni kama kumuuliza kama ana kasoro. Kwa hiyo alilizungusha.

"Momura," akaniambia, maana yake kijana mwanamume, "unakula kwa mkono upi?"

Baba akajibu kabla yangu. "Anakula kama watu," akasema, na wote wawili wakacheka.

Fundi alinigeukia bado, akingoja kunisikia mwenyewe. Sikuwa na uongo wa kusema na sikuwa na ukweli mwingine. "Wa kulia," nikasema.

"Basi nipe huo mwingine. Huo ndio utabana."

Nikampa wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kuniomba mkono huo, na baba yupo, akiangalia pembeni kana kwamba nimeambiwa nivue shati. Fundi aliulaza juu ya ubao akaanza kuzungusha penseli kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akauinua, akagusa ncha za vidole.

"Laini," akasema. "Mtu aliyepiga sana huwa na vidole vigumu kama kwato. Huyu bado anajifunza."

Vidole vyangu vigumu vilikuwa kwenye mkono wa kulia, na mkono wa kulia nilikuwa nimeuweka chini ya paja. Baba alikohoa. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida, kama kweli mtu anayejifunza anaweza kufanya watu walie kanisani. Fundi akasema watu hulia kwa mambo mengi. Akaniuliza kama ninataka bega moja la gitaa likatwe, lile la chini upande wa shingo, ili vidole vifike kwenye sauti nyembamba. Nikakubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeota bega hilo. Sikufikiria, pale kigodani, kwamba bega hukatwa upande mmoja tu na halirudi.

Njiani kurudi baba alisema tu kwamba watu wa kituoni wana midomo.

Baada ya muda alinituma nimpelekee fundi mkungu wa ndizi. Nilikwenda peke yangu, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye chai siku nzima iliyotangulia, sentensi mbili, fupi. Nilipoingia, mwili wa gitaa ulikuwa umebanwa mezani kwa jiriwa, umeshaunganishwa, na bega lilikuwa limekatwa. Lilikuwa limekatwa vizuri. Mviringo wake ulikuwa laini kama shingo ya kibuyu. Lakini lilikuwa upande wa watu wengine.

Fundi aliendelea kupiga msasa. Nilizunguka meza nikasimama mahali ambapo ningesimama kama lingekuwa langu.

"Mzee," nikamuuliza, "bega laweza kukatwa upande huu?"

"Hilo litakuwa gitaa la mashoto," akasema bila kuinua kichwa. "Mtu wa hivyo angeniambia."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Pengine kama ubaya ungekuwapo ningeweza kumjibu. Alikuwa akipiga msasa, akipuliza vumbi, akipitisha kiganja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kazi imemkubali. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza gundi huchukua muda gani kukauka. Akanieleza kuhusu gundi kwa urefu, gundi ya wakati wa mvua na ya wakati wa jua, na mimi niliitikia kila kipande. Nilirudi nyumbani kwa miguu mvua ikininyeshea na zile sentensi mbili zikiwa bado ndani.

Nikaamua kwamba kama gitaa haliwezi kugeuka, nitageuka mimi. Gitaa la parokia lilikuwa bado halijachukuliwa. Nililishika kama watu, shingo kushoto, nikaanza upya kama mtoto. Vidole vya kushoto vilikwenda nilikovituma lakini vilifika vimelala. Nyuzi hazikulia, ziligugumia. Ilikuwa darasa la kwanza tena, penseli ile ile, mstari ule ule usionyooka. Wenzangu wa kwaya mwanzoni walifanya mzaha, wakasema leo ng'ombe amehamishwa zizi. Kisha mzaha ukaisha, kwa sababu nyimbo zilianza kuharibika na Jumapili ilikuwa inakuja.

Kiongozi wa kwaya alinivuta nje. Aliniuliza kwa nini ninajitesa na mkono nisioujua wakati ule mwingine unafanya kazi. Nikamwambia gitaa langu linatengenezwa hivyo. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akasema ataenda kwa baba jioni hiyo hiyo amwambie. Nilimsihi asiende. Nilimshika koti. Sijui niliogopa nini zaidi, baba kukasirika au baba kuaibika mbele ya kijana wa watu. Hakwenda. Mwisho wa juma watu wa parokia wakaja na gari, wakalichukua gitaa.

Siku ya kulifuata letu ilikuwa Jumapili pia. Baba alivaa koti lake la misa. Mama alitaka kuja, akabaki kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa. Fundi alikuwa amelifunika gitaa kwa shuka, na alipolifunua, hata mimi niliyeliogopa nilisahau kwa muda. Uso ulikuwa na rangi ya uji wa wimbi wenye maziwa. Mgongo uling'aa na madoa yake yote. Alilishika kwa mikono miwili akanipa, nikalipokea kwa mikono miwili.

"Sasa, momura," akasema, "mwonyeshe mzee wako."

Baba alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka gotini. Hivyo ndivyo anavyokaa akisubiri injili.

Nililiweka gitaa kama lilivyotengenezwa. Lilikaa vizuri kwenye paja; lilikuwa limepimwa likae. Nikaweka vidole vya kushoto mahali pake, nikapitisha mkono wa kulia. Nyuzi mbili zililia, nyingine zikafa. Nikajaribu tena, nikajaribu wimbo wa komunyo, ule rahisi kuliko yote. Ulitoka ukichechemea, ukasimama, ukaanguka. Nilisikia mabati yakilia kwa joto la jua. Fundi alisogea akasema labda ni nyuzi mpya, nyuzi mpya huwa na ukaidi.

"Ndiyo hii?" baba akauliza. Hakuniuliza mimi. Alikuwa akiiangalia kofia yake. "Watu wazima walisimama kituoni wakaniambia mtoto wangu anafanya wanawake walie. Mimi nikaenda nikilirudia kwa kila mtu. Kumbe walikuwa wananicheka."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimehesabu vibaya. Nilifikiri ninamkinga na aibu ya mkono wangu, na sasa nilikuwa nimemvisha nyingine, ya kuwa mzee anayedanganywa na majirani naye anashangilia. Aliinama kidogo kuvaa kofia. Alikuwa anataka kuondoka.

Niligeuza gitaa. Shingo ikaja kulia. Mkono wangu wa kushoto ulitafuta ubao wa kulalia ukakuta kila kitu mahali pasipo pake, na bega lililokatwa likawa juu, chini ya kwapa langu, halina kazi. Lakini nyuzi zilikuwa zimekaa kama zile za gitaa la parokia, zimepinduka, na kupinduka nilikuzoea. Nikapiga. Nilipiga ule wimbo wa komunyo, kisha sikuacha, nikaingia ule wa kuondokea, kwa sababu niliogopa kitakachosemwa nikiacha.

Nilipoacha, fundi alikuwa amenikaribia. Aliuchukua mkono wangu wa kulia bila kuniomba akabonyeza ncha za vidole, kimoja kimoja.

"Kwato," akasema. Kisha, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza mkono ninaokula nao, mzee."

Aliuachia mkono wangu. Akavuta kigoda akakaa. "Ni kweli," akasema. "Miaka yote hii ninauliza swali ambalo hapa kwetu kila mtu ana jibu moja."

Baba alikuwa bado ameishika kofia. Alisema, "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, tata," nikamwambia, maana baba tunamwita hivyo.

"Kanisani. Mbele ya padre."

"Ndiyo."

"Na watu wanaona."

"Wanaona, tata."

Akaizungusha kofia mikononi. Kisha akamgeukia fundi, akaanza kuzungumza kama mtu anayejadili ng'ombe mgonjwa. Alisema kwamba bado mimi ni kijana, mkono wa kulia si kilema, uliweza kuandika na kuchuma na kusalimu, na huu mwingine unaweza kufundishwa kubana nyuzi vilevile. Gitaa liko hapa, ni zuri, hakuna kosa. Ni mimi wa kurekebishwa.

"Mogaka," fundi akamwambia, kwa heshima ya mzee kwa mzee, "anaweza kufundishwa. Na mimi ninaweza kuligeuza gitaa hili kuwa kigoda. Utakalia, hutaanguka."

Baba hakucheka. Fundi naye hakungoja acheke. Alieleza kilichowezekana. Angeweza kubadilisha kidaraja kinachoshika nyuzi na kuzipanga upya ili zifuate mkono wangu, lakini bega lingebaki lilipo, na mbavu za ndani ziliwekwa kwa ajili ya upande ule. Ningekuwa na gitaa la kusaidia, si langu. Au tuliache. Alisema kuna walimu na wapiga bendi wanaokuja kila mara wakitafuta, litapata mtu, na pesa tulizokwisha kutoa zitahesabiwa kwa gitaa lingine. Lakini ubao mwingine wa mbele uliokauka hakuwa nao. Alikuwa na mmoja juu ya dari, bado mbichi. Haungekuwa tayari mwaka huu.

Tulingoja baba aseme. Yeye ndiye aliyesema kila mara.

"Aseme mwenyewe," akasema baba. Hata leo sijui kama alisema hivyo kwa hasira au kwa sababu hakuweza kuliamua mwenyewe jambo lile kwa kinywa chake.

Nililiangalia gitaa. Ningeweza kulichukua. Jumapili iliyofuata ningekuwa kwayani nalo, limepinduliwa, nikipiga kama nilivyopiga siku zote, na baba angekuwa na kitu cha kubeba kupita mbele ya majirani. Kulikuwa na mvuke wa pumzi yangu juu ya vanishi. Nililiweka juu ya meza, taratibu, lisigonge.

"Ninaliacha," nikasema. "Nitangoja langu."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Fundi aliitikia kwa kichwa. Baba alisimama, akamshika fundi mkono, akatoka.

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na nyumbani tulikutana na jirani yetu, mmoja wa wale wazee wa kituoni, akifungua mbuzi wake. Alimwangalia baba mikono mitupu, akaniangalia mimi mikono mitupu. Akauliza gitaa liko wapi, maana wamengoja kulisikia.

"Lilikuwa la mtu mwingine," baba akasema.

Jirani akacheka, akasema mafundi ni wale wale, huuza kitu kimoja kwa watu wawili. Baba alikuwa ameshampita. Akasimama, akarudi hatua kidogo. "Hapana," akamwambia. "Fundi hana kosa." Akaendelea na njia.

Hiyo ilikuwa mara tu baada ya Pasaka. Sasa sina gitaa. Kanisani nimekaa mstari wa nyuma na ninafungua mdomo, na kijana mmoja kutoka mjini huja na kinanda chake anapopata nafasi. Kiongozi wa kwaya alikasirika nami kwa kuliacha gitaa zuri mezani. Alisema mtu mwenye njaa hachagui sahani. Huenda ni kweli. Kuna siku mikono yangu huamka ikitafuta kitu, na ninaona nimefanya ujinga.

Nyumbani hatukulizungumza tena. Baba hajanikataza kwenda Magwagwa wala hajaniuliza nikitoka huko. Ninapokwenda, fundi hupanda ngazi akashusha ule ubao nikaupima uzito kwa viganja. Bado mzito. Anasema mvua hii inauchelewesha, mbao zinakunywa hewa.

Juzi mvua ilinyesha kutwa. Tulikuwa jikoni, baba ameketi karibu na moto, mgongo umenielekea. Akauliza, bila kugeuka, kama paa la yule fundi linavuja.

Nikamwambia halivuji.

"Uliangalia juu?"

Nikasema sikuangalia.

"Kesho nenda ukaangalie," akasema.